Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu: Historia ya Sikukuu ya Mavuno kutoka Uingereza hadi Mpanda

UTANGULIZI

Katika semina moja ya fasihi simulizi, mada ikiwa ni miviga, mwenzetu mmoja alisimama akadai kwamba Sikukuu ya Mavuno inayofanywa makanisani mwetu haiwezi kuitwa mviga. Kwake yeye hiyo ni kasumba tupu iliyopakiwa melini na wamisionari wa Kizungu. Darasa likacheka, hoja ikapita, tukaendelea na jando na unyago.

Mimi nilinyamaza. Nimekulia Mpanda, na nikiwa mtoto nilibeba kichwani debe la karanga za mama yangu kwenda kwenye sikukuu hiyohiyo. Mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule ambao jirani yetu aling'oa mstari wa minyaa akausogeza hatua sita ndani ya shamba letu. Jumapili mama alitoa karanga, akaimba, akacheza, akashukuru. Jumatatu akarudi shambani kuitazama minyaa pale ilipohamia. Hakuna aliyemuuliza habari za mpaka, si mchungaji, si mzee wa kanisa. Na yeye mwenyewe hakudhani kwamba mpaka ni jambo la kupeleka kanisani.

Makala haya ni jibu langu la kuchelewa kwa mwenzetu yule. Yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba sikukuu hii ina historia ndefu na yenye migongano, wala haikuanza kuwa "ya kigeni" ilipofika kwetu, maana hata huko Uingereza ilikuwa imeshabadilishwa. Pili, kwamba katika safari yake ya kuja Katavi imepoteza kipande kimoja, na kipande hicho ndicho mkulima wa kwetu anachokihitaji zaidi. Jogoo niliyemtaja kwenye kichwa cha habari atakuja baadaye, msomaji avumilie kidogo.

SIKUKUU NNE ZA MKULIMA WA KIINGEREZA

Hebu tuanze na chanzo. Kanisa la Uingereza halikuwa na sikukuu moja ya kilimo, bali mlolongo uliofuata mwaka wa mkulima. Ya kwanza ilihusu jembe la kukokotwa. Jumatatu ya kwanza baada ya Epifania, yaani mapema Januari, vijana walilikokota jembe kijijini wakiomba fedha nyumba kwa nyumba. Kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, sehemu ya fedha hizo ilinunua mishumaa iliyowashwa kanisani kwa ajili ya jembe. Kipindi cha kulima kilikuwa kinaanza.

Ya pili ni Siku za Kuomba, zinazoangukia kabla ya Sikukuu ya Kupaa. Hizi hazikubuniwa na Waingereza. Zinatokana na Askofu Mamertus wa Vienne huko Ufaransa, aliyeziamuru mnamo mwaka 470 wakati mji wake umekumbwa na majanga. Waingereza walizichukua wakazifanya maandamano ya mashambani. Kasisi na waumini walizunguka mipaka ya parokia, wakisimama kwenye kila jiwe na kila mti wa mpaka. Watoto wa kiume walipigwa viboko au kugongeshwa kwenye mawe hayo ili wasisahau mpaka ulipo. Nadhani wenzangu waliopita jandoni wanaielewa mbinu hiyo ya kufundishia bila maelezo marefu.

Ya tatu ni Lammas, tarehe 1 Agosti. Jina lenyewe kwa Kiingereza cha kale maana yake ni misa ya mkate, kwa sababu mkate wa ngano ya kwanza ndio uliobarikiwa siku hiyo. Sikukuu hii ilizoeleka kiasi kwamba Shakespeare, katika Romeo and Juliet, anamfanya yaya amkumbuke Juliet kuwa alizaliwa usiku wa kuamkia Lammas. Yaya yule hataji mwezi wala tarehe. Anahesabu umri kwa kalenda ya shamba, kama bibi zetu wanavyohesabu kwa mwaka wa njaa au mwaka wa nzige.

Ya nne ni karamu ya kumaliza mavuno. Hii haikuwa ya kanisa hata kidogo. Gari la mwisho la ngano liliingia nyumbani limepambwa, na mwenye shamba akawalisha na kuwanywesha pombe vibarua wake wote, siku moja ambayo bwana na mtwana walikaa meza moja.

Aliyeeleza vizuri zaidi maana ya maandamano ya mipaka alikuwa mshairi. George Herbert, aliyefariki mwaka 1633, alikuwa kasisi wa kijijini, na katika kitabu chake kuhusu kazi ya kasisi, kilichochapishwa mwaka 1652, anataja faida nne za desturi hiyo. Kwanza ni baraka ya Mungu juu ya mazao. Pili ni haki, kwa kuwa mipaka inahifadhiwa. Tatu ni upendo, kwa kuwa majirani wanatembea pamoja na kupatana kama wana ugomvi. Nne ni huruma, kwa kuwa maskini wanagawiwa chochote. Naomba msomaji azishike faida hizi nne, yaani baraka, haki, upendo na huruma. Tutazitumia kama pishi la kupimia kila sikukuu itakayofuata.

Na tusidhani kwamba suala la haki lilikuwa mapambo tu. Amri za Kanisa za mwaka 1559, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, zilimtaka kasisi katika mzunguko huo atamke laana juu ya mtu anayehamisha mpaka wa jirani yake. Laana yenyewe imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27. Kumbe basi palikuwa na kanisa lililotoka nje likaenda kusimama kwenye minyaa!

MSHAIRI WA MORWENSTOW

Sasa tuje kwenye sikukuu tunayoijua sisi. Tarehe 1 Oktoba 1843, katika kijiji cha Morwenstow, pwani ya Cornwall, kasisi Robert Stephen Hawker aliwaita waumini wake waje kupokea Meza ya Bwana kwa mkate uliotokana na ngano mpya. Hawker naye alikuwa mshairi, tena mtu wa vituko. Alijijengea kibanda cha mbao za meli zilizovunjika, juu ya jabali linalotazama bahari, akawa anakaa humo kutunga mashairi. Mabaharia waliozama aliwazika kwa heshima wakati ambapo wengine waliwaacha ufukweni. Alikusudia kuifufua Lammas iliyokuwa imekufa. Alichokianzisha kikaenea, na kufikia miaka ya 1860 Sikukuu ya Mavuno ilikuwa imekubalika sehemu nyingi za Uingereza, pamoja na nyimbo zake, maboga yake na masuke yake madhabahuni.

Mhakiki hawezi kuishia hapo. Lazima aulize, kwa nini wakati ule? Jibu liko katika hali ya uchumi. Kati ya katikati ya karne ya 18 na katikati ya karne ya 19, Bunge la Uingereza lilipitisha maelfu ya sheria za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya matumizi ya pamoja. Mwanakijiji aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni akajikuta kibarua mtupu. Mwaka 1830 vibarua wa kusini na mashariki mwa Uingereza waliinuka, wakavunja mashine za kupuria ngano, wakachoma mazizi na ghala. Watu 19 walinyongwa, na karibu 500 wakasafirishwa kwenda Australia.

Ndani ya miaka 13 tu baada ya hapo, tunapata sikukuu mpya ya shukrani. Sidai kwamba Hawker aliianzisha ili kuwatuliza wenye njaa, maana maisha yake yanaonyesha mtu aliyewajali maskini. Ninachosema ni kwamba jamii ya Kiingereza iliipokea sikukuu hiyo wakati mzunguko wa mipaka umeshapoteza maana sehemu nyingi, kwa kuwa mpaka sasa ulikuwa ni ua wa tajiri na karatasi ya wakili. Karamu ya kumaliza mavuno nayo, yenye pombe na utani wa vibarua kwa bwana wao, ilikuwa inaletwa taratibu chini ya paa la kanisa ikatulizwa kwa chai. Tukipima kwa pishi la Herbert, baraka imebaki, na huruma imebaki kwa maana ya vyakula kugawiwa maskini. Upendo umebaki kiasi. Haki ndiyo iliyochomoka.

Na kipande hiki kisichokuwa na haki ndicho kilichopakiwa melini. Mwenzetu wa semina alisema kweli kuhusu meli, ila hakuuliza ni nini kilichoachwa bandarini.

KALENDA ILIYOPINDUKA

Mvua za Katavi huanza takriban Novemba na kukatika Aprili. Tunapanda mvua zinapoanza, Januari tuko kwenye palizi, mahindi na mpunga tunavuna kati ya Mei na Julai. Sasa weka kalenda ya Kiingereza juu ya hiyo. Januari, wakati jembe la Mwingereza linabarikiwa ili likaanze kazi, sisi mahindi yako kiunoni. Siku za Kuomba, Aprili au Mei, Mwingereza anaombea mbegu zilizochipua, sisi mahindi yanakauka shambani na tunachoomba ni mvua isirudi ikayaozesha. Oktoba, wakati Morwenstow inashukuru kwa mkate mpya, mama wa Mpanda anachungulia chini ya kihenge akijiuliza kama kilichobaki kitafika Krismasi. Shukrani ya Oktoba kwetu ingekuwa kejeli.

Ndiyo maana sikukuu ilibidi ihame. Katika makanisa niliyoyajua, mavuno yanatolewa kiangazi, kuanzia Juni na kuendelea, baada ya kupura. Lilelile lililompata Hawker alipoipeleka Lammas ya Agosti hadi Oktoba, limetupata na sisi. Wakatoliki walipata hata ruhusa ya maandishi, kwani marekebisho ya kalenda ya Kirumi ya mwaka 1969 yaliwaachia maaskofu wa kila nchi kuamua wakati na namna ya kuadhimisha Siku za Kuomba kulingana na mahitaji ya mahali. Kutokana na hali hiyo, kubariki mbegu na majembe kabla ya mvua, jambo ambalo kwa Mamertus lingeonekana limekosea mwezi, kwetu ndilo limekaa mahali pake. Serikali nayo ina sikukuu yake ya wakulima, Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Ni wiki moja tu baada ya Lammas, na sidhani kama kuna aliyepanga iwe hivyo. Kiangazi ndiyo majira ambayo mkulima wa kwetu ana kitu mkononi, na kila mwenye sikukuu anajua hilo.

MKWAJU, NGOME NA RELI

Kabla ya kanisa lolote palikuwa na mkwaju. Jina la mkoa wetu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, linatokana na Katabi, mwindaji wa masimulizi ambaye roho yake inaaminika kukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Hii nayo ni fasihi, ina mhusika, ina mandhari, ina fanani na hadhira. Lakini tangu mwaka 1974 ziwa lile limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopanuliwa tena mwaka 1998. Anayetaka kumpelekea Katabi sadaka yake sharti avuke mpaka uliochorwa na serikali. Mpaka, tena!

Ukristo ulitufikia kwa mlango wa ziwa. Ngome ya Karema, iliyoanzishwa mwaka 1879 na Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili, ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kwa hiyo kalenda ya kwanza ya Kikristo kwetu haikuwa ya Kiingereza, ilikuwa ya Kirumi mikononi mwa Wafaransa.

Sikukuu ya Kiingereza ilichelewa. Waanglikana wa magharibi mwa nchi walipata dayosisi yao, Western Tanganyika, mwaka 1966, makao yakiwa Kasulu. Dayosisi ya Lake Rukwa, yenye makao Mpanda, ni ya mwaka 2010. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna tukio kubwa kuliko zote. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 huko Burundi, maelfu ya wakimbizi waliletwa kwenye makazi ya Katumba, yaliyofunguliwa mwaka 1973 kando ya reli ile ya Kaliua iliyofika Mpanda mwaka 1950, na baadaye Mishamo, mwaka 1978. Miongoni mwao walikuwemo Waanglikana waliobatizwa katika misheni za Kiingereza zilizofunguliwa Burundi katika miaka ya 1930. Walikuja na vitabu vya nyimbo, na desturi ya mavuno wakaja nayo.

Hebu tutafakari hali yao. Mishamo kila kaya ilikatiwa takriban hekta 5 za msitu. Kufikia mwaka 1985 makazi yalihesabiwa kuwa yanajitegemea kwa chakula, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likakabidhi shughuli zake kwa serikali. Mtaalamu wa anthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi nao katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, anaonyesha jinsi watu wa Mishamo walivyosimulia historia yao kama masimulizi ya taifa lililo uhamishoni. Kwa mtu wa namna hiyo, kupeleka gunia la mahindi madhabahuni kuna maana mbili zinazopingana. Anashukuru kwa ardhi iliyomlisha, na wakati huohuo anajua kwamba ardhi si yake.

Mgongano huo ulikuja juu mwaka 2007, ilipoamuliwa kwamba wachague kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia. Zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia, lakini mwanzoni kwa sharti la kuhama makazi na kutawanywa mikoa mingine. Mpango wa kuwahamisha ulisitishwa mwaka 2011, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Hesabu misimu iliyopita katikati hapo. Mkulima anayesubiri kuambiwa ahame atapanda maharage, hatapanda mwembe. Naye bado kila kiangazi aliitwa kushukuru. Katika hali hiyo, shukrani isiyogusa mpaka ni shukrani nusu.

MNADA KAMA FASIHI

Sasa jogoo. Baada ya ibada, mavuno hutolewa nje na mnada unaanza. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mwenzetu wa semina, maana hakuna kitu cha kwetu zaidi ya mnada ule. Dalali ni fanani kamili. Ana chumvi, takriri, anajua kupanga kimya chake. Boga analiita mkwe, muhogo anauombea mchumba. Hadhira haikai kimya, inajibu, inazomea, inapanga bei kwa kicheko. Jogoo akinunuliwa, mnunuzi anamrudisha auzwe tena kwa ajili ya kanisa, anayefuata naye hivyo hivyo, na mara ya tatu jogoo ameingiza fedha ambayo hajawahi kuiota. Hawker angeuona mnada ule, naamini angeshuka kutoka jabalini kwake. Vigelegele na utani wa karamu ya kumaliza mavuno, vile vilivyozimwa kwa chai huko Uingereza, vimefufuka Mpanda bila mtu kukusudia.

Lakini tukichunguza wahusika, tunaona jambo. Anayeshangiliwa ni nani? Ni mnunuzi, mara nyingi mfanyabiashara au mtumishi wa serikali, mtu mwenye noti mfukoni. Jina lake linatajwa mara tatu kama bei ya jogoo. Aliyemfuga jogoo amekaa nyuma. Debe la karanga la mama yangu mwaka ule lilinunuliwa na jirani yetu, yuleyule wa minyaa, kwa bei nzuri sana. Alipigiwa makofi. Mama naye alipiga makofi, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyo.

Tena kuna zao lisiloingia kanisani. Tumbaku imekuwa zao la biashara la Mpanda kwa miaka mingi, lakini sijaona hata mara moja mtu akileta mzigo wa tumbaku kutoka bani akauweka mbele ya madhabahu. Fedha yake inapokelewa kwenye bahasha, jani lenyewe linabaki mlangoni. Kwa hiyo hata baraka, ile faida ya kwanza ya Herbert, ina mpaka wake, ingawa hakuna anayeutangaza.

HITIMISHO

Mwenzetu alisema kasumba. Mimi nasema Sikukuu ya Mavuno ni matini iliyoandikwa upya mara nyingi. Iliandikwa upya na mshairi wa Morwenstow, na mvua za Katavi, na wakimbizi wa Katumba, na dalali asiyejulikana wa mnada wa Juni. Kuiita ya kigeni ni kukataa kuisoma. Lakini kuisoma kwa haki ni kukiri pia kwamba katika matoleo yote hayo kuna ukurasa mmoja uliopotea, ule wa kanisa kutembea hadi mpakani.

Ukurasa huo haustahili kurudishwa kwa sababu ni wa kale au ni wa Herbert. Mkoa wetu wa leo ni mkoa wa mipaka. Kuna mpaka wa mkulima na mfugaji, wa kijiji na hifadhi, wa raia mpya na raia wa zamani. Tena kuna mipaka midogo ya hatua sita sita, ambayo haiandikwi popote na ndiyo inayoamua nani atakula. Mjadala wa mipaka hiyo una mabaraza yake ya ardhi, sawa. Hata hivyo baraza huja baada ya ugomvi. Mzunguko wa Herbert ulikuja kabla yake, kila mwaka, majirani wakiwa wengi na mchana ukiwa mweupe, na watoto wakishuhudia ili wakumbuke.

Ninawapendekezea wenzangu wanaotafuta mada za tasnifu waende wakarekodi minada ya mavuno ya Mpanda, Katumba na Karema kabla vipaza sauti na muziki wa kukodi havijammeza dalali. Na kwa makanisa, kama kuna msomaji mwenye sikio lao, napendekeza jambo dogo zaidi. Kabla ya Jumapili ya mnada, itengwe Jumamosi moja ya kutembea mashambani.

Mama yangu bado analima. Minyaa iko palepale ilipohamia, sasa imekuwa mirefu, na watoto waliozaliwa baada ya mwaka ule wanaamini kwamba mpaka umekuwa hapo siku zote.